Bibi Salme wa Mtoni: Binti wa Kasri Aliyezikwa na Mchanga wa Kwao

Barazani kwetu Kilindini, baada ya sala ya alasiri, mazungumzo aghalabu huanza na bei ya samaki yakaishia kwenye mambo ya kale. Hivi karibuni yaliishia kwa Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja aliyetoroka na Mjerumani. Mzee mmoja alishika lake, kwamba mwanamke yule hastahili kutajwa kwa heshima, kwani aliitupa dini yake na jamaa zake kwa ajili ya mwanamume. Kijana mmoja aliyesoma akampinga, akasema kuwa mwanamke aliyeweza kuandika kitabu cha maisha yake katika zama zile, tena kwa lugha ya ugenini, ni fahari ya pwani nzima. Wa tatu, aliyekuwa amenyamaza na kikombe chake cha kahawa mkononi, akauliza jambo moja tu. Katika jumba lile la Mtoni alimozaliwa bibi huyo, na katika mashamba ya baba yake yanayosifiwa mpaka leo, nani aliyekuwa akiufagia ua, na nani aliyekuwa akizichuma karafuu? Baraza zima likawa kimya.

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonitia hamu ya kushika kalamu. Maisha ya Bibi Salme yamekwisha kusimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mapenzi. Lakini mtu humjui mpaka uijue nyumba aliyotoka, na nyumba nayo huijui mpaka ujue ilijengwa kwa mikono ya nani na ikaendeshwa kwa jasho la nani.

Nyumba na shamba

Ukitoka mji wa Unguja ukashika njia ya Bububu kuelekea kaskazini, baada ya maili tatu hivi utaziona upande wa bahari kuta kuukuu za mawe na chokaa, zimesimama pwani kabisa. Hapo ndipo Mtoni, na jina lake latokana na kijito kinachoshuka kutoka bara ya kisiwa na kumwaga maji yake baharini. Ndilo kasri kongwe kuliko makasri yote ya Masultani wa Unguja.

Shamba lile halikuwa la Masultani tangu awali. Lilikuwa mali ya Saleh bin Haramili, tajiri wa Kiarabu anayetajwa kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupanda mikarafuu Unguja, huko Mtoni na Kizimbani, mwanzoni mwa karne ya 19. Miche ya mikarafuu hiyo ilitoka katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vikilimwa na Wafaransa. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Akaiona neema iliyokuwa ikichipua katika ardhi ile, na haukupita muda mrefu Saleh alinyang'anywa mashamba yake, yakawa milki ya Sultani. Hapo Mtoni Sayyid Said akajijengea kasri, akahamishia huko watu wa nyumba yake, na Unguja ikawa ndiyo makao yake makuu badala ya Maskati.

Sisi watu wa Mombasa twamjua Sayyid Said kwa upande wake mwingine. Mara tatu alituletea merikebu zake za vita, mwaka 1828, 1829 na 1833, na kila mara Mazrui na watu wa mji walimzuia asiumiliki. Mwisho, mwaka 1837, Mazrui walipokuwa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe, aliupata mji. Wakubwa wao wakakamatwa kwa hila, wakatiwa merikebuni, wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas, ng'ambo ya Ghuba ya Uajemi, wala hawakurudi tena. Basi baba mpole tunayemsoma katika kitabu cha binti yake, aliyekuwa akitembea polepole katika roshani yake akiitazama bahari, ndiye huyo huyo aliyeziacha nyumba kadhaa za Mji wa Kale bila ya wazee. Nayasema haya si kwa kufufua chuki. Nayasema kwa sababu kila kasri lina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na msimuliaji mwadilifu hupitia yote miwili.

Utoto wa kasrini

Salme alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Jumba lilikuwa kubwa, limeongezwaongezwa kila mahitaji yalipozidi, na ua mpana katikati. Mwenyewe alieleza kuwa watu walioishi humo walipindukia elfu moja. Katika ua ule walitembea paa, tausi, mbuni, heroe na bata, na watoto wa kifalme walikuwa na mchezo wa kuwachokoza mbuni kisha wakakimbia. Mwisho wa ua palikuwa na safu ya mahamamu yaliyopata maji ya kile kijito, na watu waliyatumia usiku na mchana. Michungwa ilikuwa mirefu na imesongamana, na watoto walijificha humo walipoogopa adhabu. Upande wa bahari palikuwa na roshani kubwa ya mviringo iliyoitwa benjile. Hapo Sayyid Said alikunywa kahawa, na hapo ilikuwako darubini ambayo kwayo aliweza kuviangalia vyombo vyake vikiwa bandarini. Siku nne katika wiki alikaa Mtoni, na siku zilizobaki alikaa mjini katika kasri la Beit el-Sahel.

Mkuu wa nyumba alikuwa Bibi Azza binti Seif, mke wake wa ndoa, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Omani, ambaye hakujaaliwa kupata mtoto. Watoto wote wa Sayyid Said, na alipokufa walikuwa 36 waliokuwa hai, walizaliwa na masuria. Hapa yafaa nieleze kidogo kwa faida ya vijana wa leo. Suria ni mjakazi aliyenunuliwa au kutekwa, akawekwa nyumbani na bwana wake. Kwa sheria ya wakati ule, akimzalia bwana wake mtoto, hauziki tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Mtoto wake naye huzaliwa huru, sawa na mtoto wa mke wa ndoa katika nasaba na katika urithi.

Mama yake Salme aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi kutoka milima ya Kaukasi. Akiwa mtoto mdogo vita viliingia kwao, wazazi wake wakauawa mbele yake, naye na ndugu zake wawili wakachukuliwa, kila mmoja na njia yake, wasionane tena. Aliyenusurika akauzwa, na safari ya kuuzwa ikamfikisha Unguja. Alikuwa mrefu wa umbo, nywele zake nyeusi zikimfika magotini, na mwenye tabia ya upole na kupenda kuhudumia wagonjwa. Mtoto wake mwingine alifariki angali mchanga, akabaki na Salme peke yake.

Maisha ya jumba lile yalikuwa na ngazi zake, na kila mtu alikuwa na ngazi yake ya kusimama. Sofra ya Sultani ilipotandikwa, walioketi naye walikuwa mke wake, dada yake na watoto wake. Masuria hawakuketi, hata awe anapendwa vipi. Kwa hiyo Salme mdogo alikula pamoja na baba yake, na mama aliyemzaa akala kwingine. Masuria nao walibaguana, Wacherkesi upande wao na Wahabeshi upande wao, na watoto waliozaliwa na Wahabeshi waliwaita ndugu zao wenye macho ya rangi hafifu watoto wa paka. Chini ya hao wote walikuwako wajakazi na watumwa weusi, waliopika, waliofua, waliobeba, waliopepea, walionyonyesha watoto wa wakubwa zao. Na chini zaidi, mbali na ua wenye tausi, walikuwako watu wa shamba.

Salme alisomeshwa Kurani kama watoto wengine wa kike wa nyumba ile, lakini kuandika hakukuwa katika mafunzo ya wasichana. Yeye akakutamani. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wa zama zile, akawa ananakili kwa siri herufi za Kurani moja moja mpaka mkono ukazoea. Majirani na jamaa walipogundua walimlaumu sana. Hawakujua, wala yeye hakujua, kwamba kalamu ile ndiyo itakayomtia matatani, na ndiyo itakayolihifadhi jina lake.

Ndugu wagawanyika

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, yeye na mama yake walihama Mtoni wakaenda mjini kukaa Beit el-Watoro na kaka yake Majid, aliyekuwa amepewa nyumba yake. Majid alimfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Omani. Salme alikuwa na miaka 12. Urithi ukagawanywa, naye akapata mali yake, pamoja na shamba na nyumba. Thuwaini akashika Omani, Majid akashika Unguja, na Barghash akabaki na kinyongo.

Mwaka 1859 kipindupindu kilimchukua Jilfidan, na Salme akawa yatima kamili. Mwaka huo huo Barghash alipanga kumpindua Majid. Dada yao Khole, aliyependwa mno na Salme, alikuwa upande wa Barghash, na Salme kwa mapenzi ya Khole akaingia. Walihitaji mtu wa kuandika barua za siri kwa wakubwa wa makabila, na mwenye kuijua kalamu nyumbani alikuwa msichana yule wa miaka 15. Akaandika. Njama ikagunduliwa, vita vikapiganwa katika shamba lililoitwa Marseilles, Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akasalimu amri, akapelekwa Bombay. Salme, aliyefundishwa farasi na Majid, akawa amemwandikia Barghash barua za kumwondoa Majid. Aliujutia mchezo huo maisha yake yote.

Kwa kuona haya na kuchoshwa na chuki za mjini, alikwenda kukaa shambani kwake Kizimbani, kisha akakodi nyumba Bububu, pwani. Humo ndimo alimopata raha. Alipatana tena na Majid, na kupatana huko kukamfarikisha na Barghash na Khole. Baadaye alirudi mjini, na nyumba aliyokaa ilikuwa jirani na ya mfanyabiashara kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mzaliwa wa Hamburg. Paa za nyumba za mjini zatazamana, kama zilivyo za Mji wetu wa Kale, na wawili wale wakajuana, wakapendana, na Salme akashika mimba.

Kwa binti wa Sultani wa Kiislamu jambo hilo lilikuwa hatari ya roho. Usiku mmoja wa mwezi Agosti mwaka 1866, wakati watu wamekwenda pwani kwa desturi ya mwaka kogwa, alipanda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alimfikia Aden. Siku hiyo hiyo Salme alibatizwa, akaitwa Emily, wakaoana, wakasafiri kwenda Ulaya. Mtoto yule alifariki njiani, katika nchi ya Ufaransa. Majid hakumfuata Ruete kwa kisasi. Alimwacha akae Unguja mpaka amalize shughuli zake za biashara, na huo ulikuwa uungwana ambao Salme hakuusahau.

Ugenini

Hamburg ilimpokea kwa baridi na macho ya watu. Alizaa watoto watatu, Antonie, Said na Rosalie. Kisha Agosti 1870 mumewe alianguka akikimbilia gari la farasi la abiria, likamkanyaga, akafa. Salme alikuwa na miaka 25, yu mjane katika nchi asiyoijua vyema lugha yake, ana watoto watatu na mali inayopungua. Miezi miwili baadaye Majid akafariki Unguja, na Barghash akatawala. Milango miwili ilifungwa kwa mwaka mmoja.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kuhamahama, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu apate riziki na akidai urithi wa ndugu zake waliofariki nyuma yake. Barghash hakumjibu kwa wema. Alisimama juu ya kanuni ijulikanayo na kila aliyekaa chuoni, kwamba Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Pengine pia hakumsamehe zile barua alizoacha kumwandikia.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London, na Salme akaenda huko kujaribu kuonana naye. Aliyemzuia ni Sir Bartle Frere, aliyemuahidi kuwa akiacha kumsumbua Sultani, serikali ya Uingereza itawatazama watoto wake. Alikubali, na ahadi haikutimizwa. Jina hilo la Frere si geni kwetu Mombasa. Ndiye aliyekuja Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Barghash aifunge biashara ya watumwa ya baharini, na mkataba ukatiwa saini mwezi Juni mwaka huo. Kwa jina lake ndipo pakaitwa Freretown, kule Kisauni, walikowekwa watumwa waliookolewa na manowari za Waingereza, na kengele yao ingaliko mpaka leo, imepatia jina mtaa wa Kengeleni. Mtu mmoja, kwa miaka miwili mitatu, aliyagusa maisha ya mjane wa kifalme na maisha ya watu waliofunguliwa minyororo, na pande zote mbili zilibaki mbali na kwao.

Mwaka 1885 Wajerumani walimkumbuka Salme. Bismarck alikuwa akitaka nchi za bara, na Barghash alikuwa akipinga. Manowari za Kijerumani zikatia nanga Unguja zikiwa zimeelekeza mizinga mjini, na merikebu iliyoitwa Adler ikamleta Salme na watoto wake. Barghash alipolegea katika suala la ardhi ya bara, dai la dada yake halikuwa na mtu wa kulisimamia. Alikuwa kete katika bao la wakubwa, na kete ikishaliwa haiulizwi. Hata hivyo alitembea katika njia za mji, na watu wakatoka kumwamkia. Alikwenda Mtoni pia. Alikuta nyumba aliyozaliwa imekwisha kuwa gofu, ngazi zimebomoka, majani yameota palipokuwa pakipita wajakazi na masinia.

Mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya maisha yaliyoandikwa na mwanamke wa Kiarabu kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufariki, alirudi Unguja mara ya pili akitaraji kwa Sultani Khalifa kupata alichonyimwa. Akaondoka mikono mitupu. Kwa uchungu akakataa kurudi Ujerumani, akakaa Jaffa na Beirut mpaka mwaka 1914, ndipo akarudi kwa watoto wake. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, mwenye umri wa miaka 79, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf.

Jawabu la swali

Sasa nirudi kwa yule mzee wa kahawa. Karafuu za Mtoni na Kizimbani zilichumwa na nani?

Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na ukizaa hautaki kuchelewa. Karafuu lazima ichumwe kabla haijafunguka ua, kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, mchumaji yuko juu ya mti. Kisha huchambuliwa, huanikwa juani juu ya mikeka kwa siku kadhaa, na mvua ikinyesha huanuliwa mbio. Kazi hiyo yataka watu wengi mno. Watu hao waliletwa kutoka bara, Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamanyema na wengine, aghalabu kwa njia ya Kilwa, wakauzwa sokoni Unguja pale lilipojengwa baadaye kanisa kuu la Waingereza. Siku tano walimlimia bwana, na Alhamisi na Ijumaa walilima vijishamba vyao ili wasife njaa. Mawe ya matumbawe ya jumba yalichongwa nao, chokaa ikachomwa nao, boriti zikabebwa nao. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika kitabu.

Bibi Salme aliandika juu yao, na hapa ndipo kalamu yake inapotuhuzunisha. Katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Waarabu. Alidai kuwa ulikuwa wa upole kuliko ule wa Wazungu huko Marekani, akawasema Waafrika kuwa ni wavivu wasiofanya kazi bila ya kushurutishwa, akawacheka Wazungu waliohubiri uhuru huku wakitafuta faida yao. Katika hili la mwisho hakukosea, kwani hao waliomzuia London na hao waliomleta Unguja na mizinga, wote walikuwa na faida yao. Lakini kosa la mwenzio halikufanyi wewe kuwa na haki.

Ajabu kubwa ni kwamba mwandishi wa maneno yale alikuwa mtoto wa mwanamke aliyenunuliwa. Katika kitabu hicho hicho alisimulia jinsi bibi na babu yake walivyouawa na mama yake alivyochukuliwa, na machozi yake yaonekana. Kilichompata Jilfidan Kaukasi ndicho kilichompata msichana wa Kinyasa njia ya Kilwa. Tofauti ni kwamba mmoja alifikishiwa ndani ya kasri na mwingine akafikishiwa chini ya mkarafuu. Salme aliuona msiba wa kwanza kwa sababu ni wa mama yake. Wa pili ulikuwa mbele ya macho yake kila siku, akauhesabu kuwa ni desturi ya nchi. Na si yeye peke yake. Sisi watu wa pwani wengi wetu twahesabu nasaba zetu mpaka Omani na Hadhramaut kwa fahari, na tukifika kwa bibi aliyetoka bara sauti hushuka. Utumwa uliondolewa na sheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907, lakini katika ndimi za watu ulikaa zaidi ya hapo.

Kwa sababu hiyo jina lake lingali laleta mzozo, na si barazani kwetu tu. Mwaka 2019 mjini Hamburg, katika mtaa wa Uhlenhorst alikopata kuishi, uwanja mmoja ulipewa jina lake. Mwaka uliofuata wakubwa wa wilaya wakaamua liondolewe, kwa ajili ya aliyoyaandika juu ya utumwa na watu weusi. Unguja nako kasri la Beit el-Sahel, lililojengwa upya baada ya mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896, lilifanywa makumbusho mwaka 1994, na chumba kimoja kikatengwa kwa kumbukumbu yake. Mji mmoja ulimfungulia chumba, na mwingine ukamfutia uwanja.

Mtoni nako, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, mafundi waliingia kuzishika kuta zisianguke na kuufyeka ua. Ni kazi njema, na waliofanya hivyo wanastahili shukrani. Lakini mgeni anapooneshwa mahali palipokuwa na tausi, na aoneshwe pia mahali walipolala waliowalisha tausi. Anapotajiwa Sayyid Said, na atajiwe Saleh aliyenyang'anywa shamba na Mnyasa aliyelilima. Ukuta uliokarabatiwa bila ya majina hayo ni nusu ya nyumba.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mzee wa kwanza wa barazani alimtupia Salme methali hiyo, naye kwa upande mmoja alipatia. Lakini asili haikumwacha yeye. Alipokufa, katika vitu vyake palikutwa kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Unguja, alichokihifadhi miaka yote ya Ulaya na Sham, nacho kikazikwa pamoja naye. Mwanawe Said aliandika kitabu cha maisha ya babu yake Sayyid Said, kikatoka London mwaka 1929, kana kwamba ndiye aliyetumwa kuurudisha ukoo mahali pake.

Mchanga ule niliufikiria sana. Ni ule ule waliokanyaga watu walioshushwa majahazini na minyororo shingoni, ambao nao walikufa wakikumbuka udongo wa kwao, wala hapakuwa na mtu wa kuwatilia hata konzi moja kaburini. Ikiwa twamhurumia Bibi Salme kwa kifuko chake, na tumhurumie, basi huruma hiyo isiishie kwake. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo nyoyoni, na kwake yeye waliokaa roshanini na waliokuwa juu ya mikarafuu watasimama safu moja.